DUKA HALINA KIINGILIO! Wakusanyaji wa Sarafu Mjini Wanamfungia Nani Mlango?

Jumamosi, saa nne asubuhi, nje ya ukumbi mmoja katikati ya jiji la Dar. Ndani kuna maonyesho ya sarafu, noti za zamani na stempu. Mlangoni kuna dada kavaa vizuri, meza, kitabu cha risiti na bango: KIINGILIO 15,000/=, VIP 50,000/=.

Anakuja dogo wa miaka kumi na saba hivi, kashuka daladala kutoka Mbagala. Mkononi ana kopo la majarini lililofungwa na raba. Ndani ya kopo kuna sarafu za bibi yake, mzee wa Kilwa ambaye sasa hivi anakaa kwa mwanae mjini. Bibi kasikia redioni kuna watu wanaojua hela za zamani. Kamtuma mjukuu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kiingilio elfu kumi na tano, mdogo wangu."

"Dada mi sijaja kuangalia. Bibi kanituma niulizie tu hizi ni za lini na zina thamani gani."

"Naelewa, lakini utaratibu ndo huo. Kila anayeingia analipa."

Dogo mfukoni ana nauli ya kurudi na hela ya soda. Anasogea pembeni. Hazijapita dakika tano, anatoka mzee mmoja kutoka humo humo ndani, kavaa kitambulisho cha shingoni, mpole kweli kweli. "Mwanangu, hebu nione." Anafungua kopo, anachambua kwa kidole, anasema nyingi ni za kawaida tu, ila kwa kuwa dogo katoka mbali atamsaidia. Anatoa elfu thelathini, anachukua kopo zima. Dogo anashukuru, anaondoka.

Kabla ya adhuhuri, waliokuwa ndani waliiona rupia moja ya fedha mezani kwa mzee huyo huyo (jina kapuni). Upande mmoja Kaisari wa Ujerumani na kofia yake yenye tai, upande wa pili simba na mti. Bei yake: 180,000/=. Aliyekuwa amesimama karibu na mlango alilitambua hata lile kopo, lilikuwa chini ya meza.

Huo ndo msingi wa ugomvi wote unaoendelea kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda vitu vya kale tangu wiki iliyopita. Wengi wanabishana kama elfu kumi na tano ni nyingi au ni kidogo. Hilo siyo swali. Swali ni kwamba kiingilio kile kilifanya kazi gani pale mlangoni, na kilimfaidisha nani.

UTETEZI WAO

Haki itendeke, waandaaji nao wana hoja zao, na siyo watu wabaya wote. Mwenyekiti wa kamati, mtu anayeheshimika mjini na mwenye kabati la sarafu linalosemekana ni la kuogopwa, alituma sauti ndefu kwenye kundi. Hoja zake ni nne.

Kwanza, ukumbi unalipiwa. Umeme, walinzi, viti na matangazo ya redio vyote ni hela.

Pili, kiingilio kinachuja watu. Bila kiingilio watajaa wazururaji, wanafunzi wa kupiga selfi na vibaka.

Tatu, cha bure hakiheshimiwi. Mtu akilipa anakuja na akili ya kujifunza.

Nne, hata huko duniani wanalipa. Eti Bongo tumezoea vya bure.

Hoja zinasikika vizuri, tena kwa ile sauti yake ya kistaarabu. Lakini zikiguswa moja moja, zinabaki nusu.

DUKA NA MAKUMBUSHO NI VITU VIWILI

Tuanze na jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Kariakoo hakuna kiingilio. Mtu anaweza kuzunguka kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Congo, ashike kila shati, aulize bei ya kila kiatu, asinunue hata sindano, na hamna wa kumdai shilingi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye duka ndiye anayemhitaji mpita njia. Kodi ya fremu analipa muuzaji. Mteja kazi yake ni kuja.

Makumbusho ni kitu kingine. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yana kiingilio, na hamna anayelalamika. Mle hamna kinachouzwa. Ile Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere haina bei. Unalipa ili vitu vitunzwe na vioneshwe, unatoka na ulichojifunza, basi.

Hata majirani Nairobi wanalijua hili. Yale mashindano ya magari ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yana tiketi. Mtu anayelipa pale anakwenda kuangalia magari na pikipiki za kale zikikaguliwa na majaji, bodi, injini, mpaka chini kwenye chasisi. Ni shindano, ni burudani, siku nzima na familia. Mwenye gari kaja kushindana, hajaja kumuuzia mtazamaji. Tiketi ya pale ina maana yake.

Sasa rudi kwenye ukumbi wa Jumamosi. Meza karibu zote zilikuwa za kuuza. Kila sarafu ina kikaratasi cha bei. Wauzaji wanaita wateja kama pale Kariakoo, tofauti ni suti tu. Kona ya maonyesho yenyewe, yaani vitu visivyouzwa, ilikuwa makabati mawili ya vioo karibu na choo. Kwa hiyo mtu alilipa elfu kumi na tano kwa ruhusa ya kuingia dukani na kutumia hela nyingine.

Wachague moja. Wakiwa makumbusho, waweke makabati, maelezo, mtu wa kuelezea, wauze tiketi kwa amani. Wakiwa soko, mlango uwe wazi. Kutoza tiketi ya makumbusho kwenye mlango wa soko ni kumla mteja mara mbili.

VITU VYENYEWE NI VYA NANI?

Hapa ndo panapouma zaidi, na ndo pale ambapo watu wa kamati huwa wanakimbia.

Sarafu zinazouzwa pale siyo za kutoka mbinguni. Tazama mezani. Kuna sarafu za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar, zenye mwaka 1299 wa Hijria na picha ya mizani. Kuna pesa za shaba za ile kampuni ya Wajerumani, za kuanzia mwaka 1890, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Wakati huo pesa 64 ndo zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadilisha hesabu, rupia moja ikawa heller 100. Wazee wa huku wakaitamka heller kwa ulimi wao, na mpaka leo kila Mtanzania anaitaja sarafu hiyo kila siku bila kujua: HELA. Mtu anasema "sina hela" asubuhi mpaka jioni, na hajawahi kuiona hela yenyewe kwa macho.

Zipo nyingine. Kuna senti zilizotobolewa katikati za enzi ya Mwingereza, ambazo watu walizitunga kwenye kamba. Kati ya hizo zipo za mwaka 1936 zenye jina la mfalme Edward wa Nane, aliyeacha kiti kabla hajamaliza hata mwaka. Kuna sarafu za kwanza za Tanzania huru, zilizotoka mwaka 1966 zikiwa na sura ya Mwalimu: senti tano yenye samaki sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye Mwenge wa Uhuru. Muulize mama yeyote aliyesoma shule ya msingi miaka ya sabini, ataitaja ya sungura huku anacheka.

Na kuna mfalme wa zote, rupia 15 za dhahabu za Tabora. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto na Wajerumani wakiwa wamezibiwa bahari na manowari za Waingereza, walitengeneza sarafu zao wenyewe ndani ya karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake. Moja ina uzito wa gramu saba na kidogo tu, lakini kwenye minada ya nje inauzwa kwa maelfu ya dola.

Sasa swali dogo. Vitu hivi vilikuwa wapi kabla havijafika kwenye kabati la mwenyekiti? Vilikuwa kwenye makopo ya majarini. Vilikuwa kwenye visanduku vya mbao chini ya vitanda Kilwa, Lindi, Bagamoyo, Ujiji, Tabora. Vilikuwa shingoni mwa watoto kama hirizi, masikioni mwa mabibi, kwenye kibubu cha udongo kilichosahaulika. Walivitunza watu ambao hawajui neno "mkusanyaji". Waliogopa tu kutupa alichoacha babu.

Ndo maana kiingilio cha pale siyo cha kumzuia mtazamaji peke yake. Kinamzuia mwenye mali. Yule dogo hakuwa mtazamaji. Alikuwa ndiye msambazaji wa bidhaa yote iliyomo mle ndani. Bila kopo lake na makopo ya wenzake, meza zote zile zingekuwa na vitambaa vya meza tu.

MLANGO NDO BEI

Fikiria ingekuwaje kama dogo angeingia. Angekuta meza ishirini na kitu. Angeiona rupia kama ya bibi yake imeandikwa bei mbele ya macho yake. Angeuliza meza ya kwanza, wangempa elfu thelathini. Angeuliza ya pili, hamsini. Ya tatu, kwa kuogopa ya nne isimpate, wangemwambia sabini. Hamna aliyehitaji kuwa mwema. Macho tu na miguu ya kuzunguka ingetosha.

Nje ya mlango, dogo alikuwa na mnunuzi mmoja. Ndani angekuwa nao ishirini. Tofauti ya hapo ndo faida ya yule mzee mpole.

Kwa hiyo hata kama kamati haikukusudia, kiingilio kile kilikuwa ukuta wa kutenganisha watu wanaojua bei na watu wenye mali. Wanaojua bei wanatoka na kuingia wanavyotaka, wana kitambulisho shingoni. Wenye mali wanabaki nje kwenye jua. Kila mwenye biashara anajua hapo faida inakaa upande gani.

Halafu watu wale wale jioni wanapanda jukwaani wanasema "urithi wetu", "historia yetu", "tuwafundishe vijana". Kijana gani? Yule aliyerudishwa na dada wa risiti?

"HATA DUNIANI WANALIPA"

Ni kweli, wapo wanaolipisha. Lakini wanaosema hivyo huwa wanaleta nusu ya habari.

Chukua mkutano mkubwa wa sarafu unaofanyika New York kila Januari, New York International Numismatic Convention. Kiingilio kipo. Lakini angalia wanavyopanga: bei kubwa ni ya wanaotaka kuingia mapema, kabla ya umma, kuwahi meza kabla hazijachambuliwa. Hao ni wafanyabiashara na wenye hela zao. Siku za kawaida bei inashuka sana. Maana yake anayelipa zaidi ni yule anayetegemea kupata faida. Mjini kwetu imegeuzwa. Wenye meza na wenye vitambulisho waliingia bure tangu saa moja asubuhi wakanunuliana wao kwa wao, halafu saa nne mtu wa kawaida akaambiwa alipie makombo.

Na kama ni kuiga Ulaya, basi waige vizuri. Jumba la makumbusho la British Museum kule London lilifunguliwa mwaka 1759 bila kiingilio. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa ya Uingereza kwa ujumla hayatozi kiingilio kwenye maonyesho yao ya kudumu. British Museum wana chumba kizima cha hela za dunia. Mtalii kutoka Tandahimba akifika pale anaingia bure. Akija kuangalia sarafu za kwao hapa Dar, elfu kumi na tano. Hii imekaaje?

HESABU YA UKUMBI

Hoja ya gharama ni ya kweli, na kuipuuza ni utoto. Ukumbi haulipwi kwa maneno. Lakini hesabu haihitaji chuo kikuu.

Chukua mfano. Meza 24, kila moja elfu sitini: 1,440,000. Watazamaji 150 kwa elfu kumi na tano kila mmoja: 2,250,000. Jumla 3,690,000. Sasa futa kiingilio chote, panga meza kwa elfu 150. Meza 24 mara 150,000 ni 3,600,000. Pengo ni elfu tisini, na hilo linazibwa na chai na vitumbua vinavyouzwa pale nje.

Watasema meza ya elfu 150 ni ghali. Ghali kwa nani? Mzee mpole alipata elfu 150 ya faida kwenye kopo moja la mtoto wa watu, kabla ya chakula cha mchana, akiwa hajauza kitu kingine. Huyo ndiye wa kulipia ukumbi.

Na kwa wale wadogo, wakusanyaji wachanga wenye albamu moja ya stempu, iwepo meza ndefu moja ya kushirikiana, watu sita kwa bei ya meza moja. Wanaotaka kuwahi saa mbili za mwanzo, walipe hiyo VIP yao, tena ipandishwe ifike laki. Mnada mdogo wa mchana ukatwe asilimia kidogo. Njia zipo tele. Zote zinamgusa anayefaidika, hakuna inayomgusa dogo wa daladala.

KUHUSU VIBAKA

Hii hoja ya usalama inafurahisha. Mwizi anayelenga sarafu ya dhahabu ya mamilioni atashindwa kulipa elfu kumi na tano? Huo kwake ni mtaji. Kinachozuia wizi ni kabati lenye kufuli, mlinzi aliyesimama ndani na daftari la kuandika majina mlangoni pamoja na namba ya kitambulisho. Daftari halina gharama. Tena daftari lina faida nyingine kwa wauzaji wenyewe: mali ya wizi ikionekana, inajulikana imeingia na nani.

Na tukishagusa mali yenye matatizo, twende mbele kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, za karne nyingi nyuma, zilizosafiri mpaka Great Zimbabwe na tano kati yake zikaokotwa na mwanajeshi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944, siyo za kuuziana kama karanga. Soko la mlango uliofungwa ndo mahali pazuri zaidi pa kuuziana vitu hivyo kimya kimya. Mlango ukiwa wazi, mwalimu wa historia anaingia, mtu wa makumbusho anaingia, mwandishi anaingia. Macho yakiwa mengi, mchongo unakosa pa kujificha. Wenye biashara safi hawana cha kuogopa hapo.

"CHA BURE HAKIHESHIMIWI"

Huu msemo unapendwa sana na watu wenye uwezo wa kulipa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu nzuri haihitaji tiketi ili iheshimiwe. Mpe mtoto senti hamsini ya sungura mkononi, mwambie hii ndo bibi yako alinunulia andazi shuleni, halafu umwangalie uso. Heshima inaanzia pale.

Na hapa wenye hobi wenyewe wajiangalie kwenye kioo. Katika ukumbi ule wa Jumamosi, ukiondoa wahudumu, wengi walikuwa wamevuka hamsini. Vijana waliokuwepo ni mtangazaji mmoja wa asubuhi na msanii mmoja wa Bongo Fleva waliolipiwa VIP, wakapiga picha na noti ya zamani ya shilingi mia, wakaposti, wakaondoka. Dakika ishirini. Msanii aliandika "mjue historia yenu" kwa mashabiki wake, ambao wengi wao hawana hiyo elfu kumi na tano ya kwenda kuijulia.

Miaka ishirini ijayo nani atanunua haya makabati? Mkusanyaji hazaliwi akiwa na hela. Anaanza akiwa na miaka kumi na mbili, na senti moja yenye tundu, na mtu mzima mmoja aliyekubali kumjibu maswali. Ukimfungia mlango huyo, umeua hobi yenyewe. Kabati litabaki kwa watoto wasiojua kilichomo, watalipeleka kwa sonara, dhahabu ya Tabora itayeyushwa iwe pete.

KIFANYIKE NINI

Maonyesho yajayo yametangazwa kuwa kabla ya mwaka kuisha. Bado muda upo, na mambo ya kurekebisha ni machache.

Mlango uwe bure kuanzia saa nne. Anayetaka kuwahi, alipe, tena alipe vizuri.

Karibu kabisa na mlango iwekwe meza moja ya kuulizia, isiyonunua wala kuuza. Wakae wajuzi wawili, wanabadilishana kwa zamu. Mtu akija na kopo la bibi anaambiwa hii ni ya mwaka fulani, nyingi hizi ni za kawaida, hii moja usiiuze haraka, hii ya zamani sana ipeleke Makumbusho. Aandikiwe kwenye karatasi. Baada ya hapo aende meza anayotaka, auze au asiuze.

Na iwe marufuku kwa mwenye kitambulisho cha maonyesho kununua nje ya ukumbi. Akikutwa, meza yake iondolewe. Hapo ndo itajulikana nani alikuja kwa mapenzi ya sarafu na nani alikuja kuvizia getini.

Mwenyekiti anaweza kuyafanya yote haya kwa ujumbe mmoja kwenye kundi lake. Hana wa kumuomba ruhusa. Na akifanya, wanaomsema leo watakuwa wa kwanza kumpigia makofi, maana ujuzi wake hakuna anayebisha.

Kuhusu dogo wa Mbagala, kwa maelezo yake mwenyewe, alifika nyumbani saa saba mchana. Akampa bibi elfu thelathini zote, hakula hata mia. Bibi akazihesabu, akazikunja, akaweka kwenye pindo la kanga. Halafu akamuuliza mjukuu wake:

"Wamesemaje? Zile hela ni za lini?"

Dogo hakuwa na jibu. Na elfu kumi na tano za wote walioingia siku ile hazikumnunulia bibi jibu hilo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kiingilio kibaki au kiondoke? Na wewe ambaye kwenu kuna kopo kama hilo, umeshawahi kulifungua? Tiririka hapo chini, matusi hapana.